Nishati safi ya kupikia si jina jingine la nishati jadidifu

Nishati safi ya kupikia ni nishati, pamoja na jiko lake, ambayo ikitumika haitoi vumbi laini la moshi wala kaboni monoksidi kwa kiwango kinachomdhuru anayepika na wanaoishi naye. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka viwango hivyo katika mwongozo wake wa mwaka 2014. Zinazokubalika moja kwa moja ni umeme, gesi ya mitungi, gesi asilia, biogesi (gesi itokanayo na samadi iliyooza), ethanoli na majiko ya jua. Jiko la kuni au mabaki ya mazao hukubalika pale tu linapopimwa na kufikia viwango. Mafuta ya taa hayamo. Kwa anayejiandaa na usaili wa mchujo wa kazi, kama ya afisa ugani, maana hiyo inatosha.

Kinachopotea ni mpaka wake. Tangu Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uzinduliwe Mei 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, imekuwa kawaida kusoma majibu ya usaili ya namna hii: "nishati safi na jadidifu kama vile gesi." Sentensi hiyo imeunganisha vitu viwili visivyolazimika kwenda pamoja, kisha ikatoa mfano unaoipinga yenyewe.

"Safi" huuliza kinachotoka jikoni na kuingia mapafuni. "Jadidifu" huuliza kama chanzo kinajirudishia kwa kasi tunayokitumia. Ndiyo maana gesi ya mitungi ni safi lakini si jadidifu: ni propani na butani, mazao ya visima na viwanda vya mafuta. Kuni za shamba la miti linalovunwa kwa mpango ni jadidifu, lakini katika jiko la mafiga si safi hata kidogo. Biogesi ni safi na ni jadidifu. Mafuta ya taa hayana sifa yoyote kati ya hizo mbili.

Mkaa huwachanganya wengi zaidi, kwa sababu hautoi moshi mwingi unaoonekana. Kaboni monoksidi haionekani na haina harufu, na jiko la mkaa hutoa nyingi. Ndiyo inayoua watu waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Upande wa chanzo nako mambo ni magumu. Tanuri la kienyeji la udongo hutoa takriban kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Msitu unaokatwa kwa hasara hiyo, bila kupandwa tena, haustahili kuitwa chanzo jadidifu eti kwa kuwa ni miti.

Kuna kosa jingine linaloambatana na hili, nalo hutokea hata kwa watu wanaofuatilia habari za nishati: kudhani gesi ya mtungi ndiyo gesi asilia inayochimbwa Songo Songo na Mnazi Bay. Gesi ya visima vyetu karibu yote ni methani. Methani haiwi kimiminika kwa kugandamizwa tu katika joto la kawaida. Inahitaji kupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Kwa hiyo humfikia mpishi kwa bomba, kama ilivyo kwenye baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara. Propani na butani hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo, ndiyo maana hujazwa kwenye mitungi ya kilo 6 na 15, na shehena yake tunaiagiza kutoka nje kwa meli. Anayeandika kwamba kila mtungi unaouzwa unainua gesi ya Mtwara amekosea uchumi na kemia kwa pamoja.

Umeme nao una hesabu yake. Ukitoka Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, chanzo ni jadidifu. Ukitoka mitambo ya gesi ya Kinyerezi, si jadidifu. Jikoni ni safi kwa vyovyote, na jiko la presha la umeme huivisha kilo moja ya maharage kwa chini ya uniti moja.

Kwa maafisa ugani, mahali pa kutulia ni biogesi, kwa sababu hapo kilimo na nishati vinakutana kweli. Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa takriban lita 40 za gesi. Familia ya watu watano au sita hutumia kama mita moja na nusu hadi mbili za ujazo kwa siku, yaani samadi ya kilo 40 hadi 50, ikichanganywa na maji kiasi kilekile. Ng'ombe wa ndani hutoa kiasi hicho wakiwa watatu au wanne. Wa kuchungwa huacha sehemu kubwa malishoni, na mfugaji hupata ile ya usiku tu. Mitambo mingi hufa hapo: ilijengwa kwa kuhesabu walaji badala ya samadi na maji vilivyopo kila siku. Wengine humwagia mtamboni maji ya sabuni au ya dawa ya kuogeshea mifugo, bakteria wakafa, kisha lawama zikamwendea fundi. Moto ukipepesa, kwanza fungua mtego wa maji kwenye bomba. Tope linalotoka ni mbolea nzuri, na kwa mkulima wa migomba au mboga laweza kuwa na thamani kuliko gesi yenyewe.

Jiko banifu pia liwekwe mahali pake. Kupunguza kuni hadi nusu ni faida kubwa kwa mwanamke anayezitafuta na kwa msitu, lakini kubana matumizi hakulifanyi jiko kuwa safi. Majiko hupangwa kwa madaraja 0 hadi 5, na mengi ya udongo yanayouzwa masokoni hayafiki yale ya juu.

Hata takwimu za Lengo la 7 la Maendeleo Endelevu hutenganisha mambo haya. Kiashiria 7.1.2 hupima watu wanaotegemea nishati safi; 7.2.1 hupima mchango wa nishati jadidifu katika matumizi yote, na humo kuni za kienyeji huhesabiwa. Nchi inaweza kuonekana juu sana kwenye 7.2.1 kwa sababu tu wananchi wake bado wanapikia kuni. Basi ukiulizwa kuhusu gesi ya mitungi, andika kwamba ni nishati safi ya kupikia itokanayo na chanzo kisicho jadidifu.