Nyasi zilizokatwa hazilaumiwi kwa haki

Wenye bustani wengi Marekani huamini kwamba nyasi zilizokatwa na mashine zikiachwa chini hugeuka zulia kavu, kwa hiyo huzizoa zote. Si kweli. Majani yale sehemu kubwa ni maji, huoza upesi. Chimbua kipande kwa kisu uone: lile tabaka la kahawia linalobonyea kama sponji, kati ya majani mabichi na udongo, ni mashina na mizizi iliyokufa, vitu vigumu vinavyochelewa kuoza. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, tabaka hilo hunenepa.

Unene wake ukiwa chini ya sentimita 1.3, liache, linatunza unyevu. Likizidi, funga nyuma ya trekta dogo la bustani reki yenye meno ya springi, uikokote polepole ilikwangue.

Linaloniuma zaidi ni hili: mtu anakokota rola ya misumari akidhani udongo umepata hewa. Msumari hautoi udongo. Unausukuma pembeni, na kuta za tundu zinazidi kushindiliwa. Tumia rola yenye meno matupu ndani kama bomba, yanayong'oa vipande vya udongo virefu kama kidole. Mwagilia siku moja kabla, pandisha matofali juu ya kifaa ili uzito uyazamishe meno, na ukinyanyue kabla ya kukata kona, la sivyo utachana nyasi. Vipande viache palepale: mvua itavivunja, na udongo wake utasaidia kuozesha lile tabaka. Majimbo ya kaskazini, ambako nyasi hupenda baridi, wakati wa kazi hii ni mwishoni mwa Agosti hadi Septemba.