Kukolea kwa misimamo si kufuata mkumbo

Kamati ikitoka kikaoni na uamuzi mkali kuliko ulivyotarajiwa, utasikia tu: wajumbe wamefuata mkumbo. Mara nyingi sivyo, na tukikosea ugonjwa tutakosea na dawa.

Kukolea kwa misimamo ni hivi: watu wanaoelemea upande mmoja wakijadiliana, hutoka wakiwa wameelemea upande ule ule zaidi. Basi.

Mkumbo ni jambo jingine. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari, akawauliza upi unalingana na ule wa mfano. Jibu lilikuwa wazi, lakini wenzao, waliopangwa mapema, walitaja mstari usio sahihi kwa kauli moja. Wengi wakalirudia kosa hilo angalau mara moja. Hapo hapakutolewa hoja yoyote. Mtu aliinamia wingi wa wenzake.

Sasa linganisha na wanafunzi wa sekondari wa Paris, katika utafiti wa wanasaikolojia Serge Moscovici na Marisa Zavalloni uliochapishwa mwaka 1969. Kila mmoja alijaza peke yake maoni yake juu ya Jenerali de Gaulle, rais wa Ufaransa wa wakati huo, na juu ya Wamarekani, kisha wakajadiliana. De Gaulle, waliyemkubali tangu mwanzo, wakamkubali zaidi. Wamarekani, ambao hawakuwapenda sana, wakazidi kuwapinga. Ungekuwa mkumbo, wangejikusanya katikati ya maoni yao ya awali. Badala yake wastani wenyewe ulihama, tena ukabaki hukohuko walipoulizwa upya mmoja mmoja.

Kwa nini? Mjumbe anaingia na sababu zake mbili, anasikia nyingine nne za upande wake ambazo hakuwahi kuzifikiria. Pia anagundua wenzake wanalishikilia jambo kuliko yeye, naye hataki kuonekana vuguvugu. Sababu hii ya pili inapakana na mkumbo, na nadhani ndiyo inayowachanganya watu. Ile ya kwanza haina mkumbo hata chembe: mtu ameshawishika kweli.

Ndiyo maana kura ya siri, inayomsaidia sana anayeogopa macho ya wenzake, haibadilishi kitu kwa aliyekwisha kuamini. Kwa hiyo ukiwakuta wajumbe wanautetea uamuzi wao hata kila mmoja akiwa kwake, tafadhali usiseme wamefuata mkumbo. Uliza kwanza walioalikwa walikuwa na maoni gani kabla ya kikao kuanza.