Koh-i-Noor haikutolewa zawadi

Nimechoka kuambiwa kwamba Waingereza walizawadiwa almasi ya Koh-i-Noor. Safari hii aliyeniambia ni mwanasheria mwenzangu, tena na ushahidi juu: mwaka 2016 wakili wa serikali ya India aliiambia Mahakama ya Juu kwamba jiwe halikuibwa wala kuporwa, bali lilitolewa kwa hiari kufidia gharama za vita. Kwamba serikali iliikana kauli hiyo siku iliyofuata, hilo hakulitaja.

Basi tusome mkataba wenyewe, wa Lahore, 1849, uliofungwa Waingereza walipoishinda Punjab vitani. Ibara ya 1 inamvua Maharaja Duleep Singh ufalme wa Punjab. Ya 2 inaikabidhi Kampuni ya East India, kampuni ya Waingereza iliyotawala India, mali yote ya dola, kufidia deni na gharama za vita. Fidia imeishia hapo! Koh-i-Noor imetengewa ibara yake, ya 3: Maharaja atalisalimisha jiwe kwa Malkia wa Uingereza. Humo hakuna deni wala gharama. Dalhousie, Gavana Mkuu Mwingereza wa India, alitaka liende kwa Malkia moja kwa moja, kama ngawira ya ushindi.

Na aliyelisalimisha alikuwa mtoto wa miaka 10, aliyefiwa na baba na kutenganishwa na mama yake, Jind Kaur. Tangu Mkataba wa Bhyroval wa Desemba 1846, walezi wake walikuwa Waingereza haohao, mpaka atimize miaka 16. Hata asiyesoma sheria anajua mlezi wa yatima hajiuzii shamba la yatima, sembuse kujigawia bure. Kwangu kesi yote iko hapa.

Wengine, kuthibitisha kwamba alilitoa kwa hiari, hukimbilia 1854, pale Duleep, kijana wa miaka 15, aliposhikishwa jiwe Buckingham Palace. Lilikuwa limeshakatwa upya, kutoka karati 186 hadi karibu 106. Alilitazama dirishani penye mwanga, kisha akaliweka mkononi mwa Malkia Victoria. Angekataa, angekwenda nalo wapi?

Ugumu wa kweli ni lirudi kwa nani. Lahore, uliokuwa mji mkuu wa ufalme wa Duleep, leo iko Pakistan, iliyolidai jiwe mwaka 1976. India nayo inalidai. Ranjit Singh, baba yake Duleep, alilipata 1813 kwa kumbana Shah Shuja wa Afghanistan, aliyekuwa mkimbizi. Naegemea India na Pakistan wakae meza moja. Mwafghani akiniuliza kwa nini nianzie 1849 na si 1813, jibu nililonalo ni hili tu: dola iliyonufaika mwaka 1849 ndiyo ingali nalo.