Makosa ya Askari Vitani: Ulizia Seksheni Yake, Ulizia Kiongozi Wake

"Vita havina macho." Kila tunapotoa elimu Kasulu, Kibondo na hapa Kigoma mjini tunaambiwa hivyo, na kusema kweli inachosha. Aliyepora au kubaka ana cheo, ana seksheni, ana anayempa amri. (Vikosi vinavyopigana leo hatuvitaji hapa.)

Seksheni ni askari 8 hadi 12 hivi, wanaokula na kulala pamoja. Mshikamano wao huwazuia kukimbia, na huohuo huwafanya wamfiche mwenzao. Mambo huharibika mshahara ukichelewa, chakula kikikatika na maofisa wakitangulia kuondoka. Novemba 2012 jeshi la Kongo lilikimbia Goma, amri ikavurugika, na huko Minova raia wakabakwa na kuporwa. Lakini umoja peke yake si kinga. Askari wa miavuli wa Kanada walisifika kwa kushikamana. Mwaka 1993 nchini Somalia baadhi yao walimtesa kijana hadi akafa, na wenzao waliosikia wakanyamaza. Kikosi kilivunjwa 1995.

"Aliamriwa tu." Hapana. Ibara ya 33 ya Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) na ambao Tanzania iliuridhia 2002, haimwachii askari kwa utetezi huo ila mambo matatu yawepo kwa pamoja: sheria iwe ilimlazimu kutii, awe hakujua kuwa amri ni haramu, na uharamu wenyewe usiwe dhahiri. Amri ya mauaji ya kimbari au ya uhalifu dhidi ya binadamu huhesabiwa haramu dhahiri siku zote. Ibara ya 28 inamfuata kamanda aliyejua, au aliyepaswa kujua, kisha asizuie, asiadhibu wala asipeleke shauri kwa wenye mamlaka. Adhabu hufika miaka 30, au maisha. Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi wa Kongo, alipewa 30 mwaka 2019. Ibara ya 29 imeondoa ukomo wa muda wa kushtakiwa, hivyo aliyevuka Ziwa Tanganyika kukimbilia huku asidhani miaka imemsafisha.

Shahidi aandike tarehe, mahali, sare, rangi ya kofia, namba ya gari, lugha, na nani aliitwa "afande" na wenzake walifanya nini aliposema. Hilo la mwisho husahauliwa, nalo ndilo linalomfikia kamanda. Msikae kikao kulinganisha maelezo; mtampa wakili wa utetezi kazi rahisi. Aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia VVU zikichelewa hazisaidii, na humezwa siku 28. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi.