Urmila hakulala miaka 14

Wengi waliosikia kisa cha Rama, mwanamfalme wa Kihindi aliyepelekwa uhamishoni msituni, wanaamini kwamba Urmila, mke wa Lakshmana, alilala usingizi miaka 14 yote mumewe alipokuwa msituni, akibeba usingizi wake na wa mume ili Lakshmana akeshe kumlinda kaka yake, Rama. Kisa kitamu. Ila katika Ramayana, utenzi wa Kisanskriti wa mshairi Valmiki wenye beti zipatazo 24,000, hakimo.

Humo Urmila ni binti wa mfalme Janaka, ndugu ya Sita, mke wa Rama. Anaozwa siku moja naye, pamoja na binamu zao wawili, Mandavi na Shrutakirti. Baada ya harusi, mshairi karibu amsahau kabisa. Lakshmana anapoondoka Ayodhya, mji wa kwao, hatusomi hata neno la kumuaga mkewe.

Kisa cha usingizi kilikuja baadaye, na kinajulikana zaidi kwa Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, ambako wanawake walikiimba majumbani. Katika wimbo huo mume anarudi, anamgusa, naye anazinduka bila kumtambua. Anamkaripia: hajui yaliyompata Ravana, mfalme aliyemteka Sita, kwa kutamani mke wa mtu? Kwa maoni yangu, hapo pana uhai kuliko ukimya wa Valmiki.

Mshairi Rabindranath Tagore naye aliliona pengo hilo, akaandika insha ya Kibengali kuhusu wanawake waliopuuzwa na washairi, Urmila akiwa miongoni mwao. Mandavi na Shrutakirti, nao mabinti wa kifalme, hata usingizi hawakutungiwa.