Je, wajua kwa nini joto la kukoma hedhi humvamia kiongozi katikati ya kikao?

Mama anaongoza kikao, kiyoyozi kinavuma, mara uso unamwiva, jasho linamtiririka shingoni na moyo unamwenda mbio. Dakika chache baadaye anasikia baridi. Waliokaa naye hudhani swali limemshinda. Sivyo kabisa.

Ndani ya ubongo, sehemu iitwayo haipothalamasi hulinda joto la mwili. Kwa kawaida likipanda kidogo tu, haishtuki. Homoni ya estrojeni inapopungua kuelekea kukoma hedhi, seli za neva za sehemu hiyo huchachamaa na ustahimilivu huo hufinyika, hata kikombe cha chai ya moto au chumba kilichojaa watu kikatosha kuufanya ubongo uamini kwamba mwili unaungua. Basi hutanua mishipa ya damu ya ngozi na kumwaga jasho. Mwili ukishapoa kupita kiasi ndipo baridi inapoingia.

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, umri uleule wa kukabidhiwa idara au shule, na dalili huanza miaka kadhaa kabla. Joto la mchana huonekana, lakini la usiku ndilo linaloharibu kazi zaidi: humwamsha mara kwa mara, na asubuhi jina analolijua vizuri linampotea. Kusahau huko si akili kuchakaa. Kwa wengi hupungua baadaye. Kumnyima mtu cheo kwa sababu hiyo ni dhuluma.

Ofisini, msaada wake ni rahisi: feni ndogo mezani, maji baridi, sare ya pamba badala ya poliesta, na mapumziko mafupi katika vikao virefu. Mwaka 2023 Uingereza ilitoa hata kiwango rasmi cha waajiri kuhusu jambo hili, BS 30416.

Dawa za homoni husaidia sana, ila mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake. Huongezewa homoni ya jamii ya projesteroni, maana bila hiyo ukuta wa ndani wa kizazi hunenepa na unaweza kupata saratani. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda kwenye mishipa amwambie daktari mapema.

Uchovu nao usisingiziwe kazi nyingi. Hedhi za miaka ya mwisho zinaweza kuwa nzito hadi damu ikapungua mwilini. Apimwe, na hemoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita atibiwe. Damu ikitoka tena baada ya miezi 12 bila hedhi, hata tone, aende hospitali wiki hiyohiyo.