Sheria ya uwazi katika maji ni kitu gani?

Hapa Uganda, ukisema "uwazi" katika mambo ya maji, wengi hufikiria ubao wa matangazo pale gombolola, yaani ofisi ya serikali iliyo chini ya wilaya: karatasi imegongwa msumari, wino umefifia kwa jua, juu yake kiasi cha fedha za visima zilizotoka Kampala. Hayo ni matangazo tu, na anayetangaza ndiye anayechagua cha kutangaza. Uwazi wa kisheria unaanzia kwako. Ukiuliza, kuna mtu anayedaiwa jibu, ana siku za kulitoa, na akinyamaza kuna pa kumpeleka.

Chukua pampu ya mkono iliyokufa. Madumu ya njano yamepangwa foleni tangu alfajiri, maji yanatoka mekundu, kisha hayatoki kabisa. Kamati ya watumiaji maji imekusanya michango ya kila nyumba na kumwita fundi. Anavuta mabomba juu: yameliwa na kutu kama mhindi ulioguguniwa. Sasa kuna swali ambalo fundi hawezi kulijibu. Mkandarasi alilipwa aweke mabomba ya aina gani, na nani alitia sahihi kwamba kazi imekamilika? Jibu limo ndani ya faili wilayani.

Njia ya kulifikia faili hilo ni Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda ya 1995, inayompa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inayoeleza namna ya kuitumia. Unaandika ombi kwa mkuu wa taasisi husika, maana ndiye ofisa wa taarifa kisheria. Ana siku 21. Huna haja ya kueleza unataka taarifa za nini, na hili watumishi wengi hawalipendi. Zikipita siku hizo bila neno, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, nawe unaweza kwenda kwa Hakimu Mkuu, kisha Mahakama Kuu. Mimi naona kipengele hicho cha ukimya ndicho moyo wa sheria nzima, kwa sababu karani hodari hakatai. Anakwambia urudi Jumatatu.

Yapo yanayoweza kufichwa: usalama wa taifa, kumbukumbu za baraza la mawaziri, mambo binafsi ya mtu, siri za biashara. Lakini sheria hiyohiyo inasema taarifa itolewe pale inapofichua uvunjaji mkubwa wa sheria au hatari kubwa kwa afya na mazingira, ikiwa faida kwa umma inazidi madhara ya kuitoa. Kwa maji, mlango huo ni mpana. Kiwanda kinachomwaga majitaka mtoni kinahitaji kibali cha serikali, na anayevuta maji kwa mashine naye anahitaji chake. Vibali hivyo ni karatasi za umma, na vinaombwa kama karatasi nyingine yoyote.

Kesi ya kukumbukwa ilitoka kwenye Mto Nile. Kabla hata ya sheria ya 2005, shirika la Greenwatch lilikwenda Mahakama Kuu likitaka mkataba wa kununua umeme wa bwawa la Bujagali, karibu na Jinja. Mwaka 2002 mahakama ilikubali kwamba mkataba ule ni hati ambayo raia ana haki ya kuiona. Greenwatch ikaondoka mikono mitupu hata hivyo: haikuthibitisha kwamba yenyewe, ikiwa kampuni, ni raia. Ndiyo maana hadi leo ni salama zaidi ombi liandikwe kwa jina la mtu mwenye kitambulisho cha taifa kuliko kwa jina la kikundi.

Si kila swali linahitaji barua, kwa kweli. Tangu 2009 serikali imekuwa ikiitisha mikutano ambapo maofisa husimama mbele ya wananchi kueleza fedha za maji, barabara, shule na zahanati zimefanya nini. Mikutano hiyo hata kwenye nyaraka za Kiingereza inaitwa "baraza". Pale unauliza kwa mdomo na kujibiwa papo hapo, ila jibu la mdomo hulipeleki kwa hakimu.

Neno "raia" lina upande mwingine mchungu. Nenda Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, ambako Wakongo wengi wanaongea Kiswahili sokoni na kwenye foleni ya bomba. Wanakunywa maji yaleyale, na watoto wao wanaugua maji yakichafuka. Lakini Katiba na sheria ya 2005 zote zinasema "kila raia". Mama wa Nakivale akitaka kuona vipimo vya maji anayochota, inabidi ombi aliandikiwe na jirani Mganda.